Kiuno kinauma upande mmoja: jinsi ya kusawazisha nyonga na mgongo ukiwa nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye maumivu yake hayako katikati ya mgongo. Yako chini zaidi, upande mmoja, karibu na vile vishimo viwili vilivyo juu ya makalio. Akigeuka kitandani anashtuka. Akishuka kwenye boda boda anashika kiuno kwanza, anasubiri kidogo, ndipo anatembea. Mara nyingi ameshaambiwa kwamba nyonga "imetoka" au "imepanda", akamlipa mchuaji airudishe, akapata nafuu ya siku mbili. Kisha maumivu yakarudi, naye akarudi kulipa.

Ninachotaka kumwambia ni hiki: kiungo chako hakijahama. Kimechoka kubeba mzigo upande uleule kila siku, na misuli inayopaswa kukisaidia imedhoofika. Kusawazisha nyonga ni kazi ya namna unavyokaa, unavyobeba na unavyoiimarisha misuli, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe juu ya mkeka.

Kiungo chenyewe

Chini kabisa ya uti wa mgongo, juu ya kifandugu, kuna mfupa wa pembetatu uitwao sakramu. Kulia na kushoto kwake kuna mifupa mikubwa miwili ya fupanyonga. Inapokutana na sakramu ndipo penye kiungo cha sakroiliaka, kimoja kila upande. Uzito wa kichwa, mikono, kiwiliwili na jerikani uliyojitwika hupita hapo ukigawanyika kwenda miguuni. Kwa sababu hiyo kiungo hiki kimefungwa kwa kano nene sana, na nyuso zake zina mabonde na matuta yanayoshikana. Hucheza kwa nyuzi chache tu za pembe, na kusogea kwa milimita moja au mbili.

Mwaka 1998 watafiti wa Sweden waliwapima wagonjwa kumi kwa eksirei maalumu inayoweza kuonyesha mfupa ukisogea hata kwa sehemu ndogo ya milimita. Walipigwa picha kabla ya kunyooshwa kiuno na baada yake. Vipimo vya mikono vilionyesha kwamba nyonga "imerudi". Picha zilionyesha kwamba sakramu iko palepale ilipokuwa. Kwa hiyo nafuu unayoipata kwa mchuaji ni ya kweli, lakini inatoka kwenye misuli iliyolegea na neva zilizotulia, na ndiyo maana haidumu usipobadilisha kitu kingine. Viungo hivi vikiachana kweli, huwa ni kwa ajali kubwa, na mtu huyo hupelekwa hospitali amebebwa.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mgongo na nyonga huenda pamoja. Ukisimama wima, sakramu huinama mbele kidogo na kiungo hujikaza. Ukiketi umejikunja, mgongo umepinda na makalio yametangulia mbele, sakramu hurudi nyuma, kiungo hulegea na kano ndefu ya nyuma huvutwa. Ndiyo sababu mtu aliyeketi saa mbili kwenye teksi ya kutoka Masaka anaumia zaidi anaposhuka kuliko aliyekuwa akitembea muda huohuo.

Hatua ya 1: Onyesha kwa kidole kimoja

Simama, peleka mkono nyuma, tafuta kishimo cha upande unaouma. Hapo utagusa kinundu cha mfupa. Sasa onyesha kwa kidole kimoja tu mahali panapouma zaidi. Pumzika, onyesha tena. Kidole kikitua mara zote mbili chini kidogo ya kinundu hicho, kuelekea ndani, kiungo cha sakroiliaka ni mshukiwa mkubwa. Maumivu yanaweza kusambaa kwenye tako, nyuma ya paja, hata kinenani, lakini kwa kawaida hayavuki goti.

Kama kidole kinakwenda katikati ya uti wa mgongo, au maumivu yanateremka mpaka kwenye unyayo yakiwa na ganzi na kuchoma, tatizo huenda liko kwenye pingili na neva. Kama yanakaa kinenani na unashindwa kuvaa soksi, fikiria kiungo cha paja. Kwa hayo, mazoezi ya hapa hayatoshi.

Hatua ya 2: Hakikisha si ugonjwa mwingine

Usiiruke hatua hii, hasa hapa Uganda. Nenda hospitali siku hiyohiyo kama umepoteza hisia sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, kama huwezi kuzuia mkojo au choo au mkojo umekataa kutoka, au kama miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Nenda pia kama maumivu yameanza baada ya kuanguka kwenye boda boda na huwezi kuukanyagia mguu.

Kisha kuna homa. Maumivu ya kiuno yakiambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, usiyachue wala usiyafanyie mazoezi, yapime. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali. Na kama unaishi kwenye ukanda wa ng'ombe, kuanzia Mbarara na Kiruhura kupitia Nakasongola hadi Karamoja, na mnakunywa maziwa yasiyochemshwa, au unazalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, mwambie daktari bila kusubiri akuulize. Bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, hukipenda sana kiungo hiki cha sakroiliaka. Mfugaji kijana mwenye homa ya kupanda na kushuka na kiuno kinachouma upande mmoja anahitaji kipimo cha damu na antibiotiki za wiki kadhaa. Mafuta ya kuchua hayatamfaa.

La mwisho ni la vijana. Mtu wa chini ya miaka 45 ambaye kiuno chake kimeuma kwa zaidi ya miezi mitatu, kinakakamaa asubuhi kwa nusu saa au zaidi, kinamwamsha usiku wa manane, na kinapata nafuu akitembea kuliko akilala, anaweza kuwa na uvimbe unaosababishwa na kinga ya mwili yenyewe ndani ya viungo hivi. Huo una dawa zake, na ukicheleweshwa mgongo huweza kukakamaa moja kwa moja.

Hatua ya 3: Jaribu kuinua mguu

Jaribio hili nalipenda kuliko yote kwa sababu linakupa jibu na kipimo kwa wakati mmoja.

Lala chali kwenye mkeka, miguu imenyooka, nyayo zimeachana kama sentimita 20. Bila kukunja goti, inua mguu mmoja sentimita 20 kutoka chini. Jipe alama: sifuri kama ni mwepesi kabisa, tano kama umeshindwa. Rudia mguu wa pili. Wengi huhisi mguu wa upande unaouma una uzito wa ajabu, ilhali wenyewe hauna kidonda wala ganzi.

Sasa mwambie mtu wa nyumbani apige magoti kando yako, aweke viganja vyake kwenye mifupa ya nyonga kulia na kushoto, na aibane kuelekea katikati kwa uthabiti. Inua tena. Mara nyingi mtu hufungua macho kwa mshangao: mguu uleule umekuwa mwepesi. Hakuna mfupa uliorudishwa hapo. Nyonga imeshikwa tu, na mzigo umepata njia ya kupita. Ukipata tofauti hiyo, ujue kwamba mkanda na mazoezi ya misuli yatakufaa. Andika alama zako na tarehe, utazihitaji baadaye.

Wengine hutaka kusimama mbele ya kioo kuangalia kama nyonga moja iko juu. Usijisumbue sana. Hata wataalamu wakipapasa mgonjwa mmoja, mara nyingi hawakubaliani ni upande gani ulio juu. Tofauti ya urefu wa miguu isiyofika sentimita moja iko kwa watu wengi wasioumwa chochote. Yenye uzito ni ile ya sentimita mbili na zaidi, kama kwa aliyevunjika mguu, aliyepata polio, au aliyeumizwa neva na sindano ya makalioni utotoni. Huyo aende kwenye karakana ya viatu na viungo bandia ya hospitali aongezewe soli, na kwa kawaida huanza na kama nusu ya tofauti, mwili uzoee kwanza.

Hatua ya 4: Funga leso mahali pake

Kosa la kawaida ni kuifunga kiunoni, panapofungwa mshipi wa gomesi. Huko inabana tumbo na kiungo hakipati msaada.

Kunja leso au kitenge kwa urefu mpaka kibaki na upana wa kiganja. Weka vidole kwenye mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga. Shuka chini yake kidogo: kitambaa kipite hapo, kizunguke juu ya vifundo vya mifupa ya mapaja kando, na nyuma kilale juu ya makalio. Funga ukiwa umesimama wima, kwa mkazo ambao vidole vilivyolala vinaweza kupenya lakini ngumi haiwezi. Tembea hatua kumi. Ukihisi kiuno kimeshikwa na maumivu yamepungua, umepatia. Yakizidi, au mguu ukifa ganzi, legeza au shusha kidogo.

Kivae unapotembea, unapofua, unapolima. Kivue unapolala. Baada ya wiki nne hadi sita anza kukipunguza, maana misuli ikiachiwa leso ifanye kazi yake haitaimarika.

Hatua ya 5: Ondoa mzigo wa upande mmoja

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, kwa sababu mambo mengi yanayokiumiza kiungo hiki ni adabu na desturi zetu.

Mkeka. Mwanamke aliyelelewa vizuri huketi chini miguu yote imekunjwa upande mmoja, na wengi wana upande wao waliouzoea tangu utotoni. Katika mkao huo tako moja linabeba karibu uzito wote, nyonga moja imepanda, na mgongo unapinda kufidia. Kwa saa moja ya msiba au kikao cha akina mama, kiungo kimoja kinavutwa mfululizo. Sikuambii uache adabu. Weka mto mgumu au blanketi lililokunjwa chini ya tako linalogusa mkeka, ili nyonga zilingane, na badilisha upande kila dakika kumi. Maumivu yakiwa makali, omba kigoda. Ukieleza kwamba kiuno ni kigonjwa, hakuna mkwe atakayekulaumu.

Swala. Kikao cha tahiyatu nacho huegemea upande mmoja, na kuinuka kutoka sijda huhitaji nguvu ya mguu mmoja. Dini imemruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi. Tumia ruhusa hiyo kwa wiki chache.

Boda boda. Kuketi upande, miguu yote kushoto, huku barabara ina mashimo, ni kukisokota kiuno na kukigonga kwa pamoja. Kama mavazi yanaruhusu, vaa suruali ndani ya sketi pana, kisha panda kwa kutanua miguu. Kama haiwezekani, mwambie dereva apunguze mwendo kwenye matuta, au panda teksi uketi karibu na dirisha, makalio yamesukumwa mpaka nyuma na leso iliyokunjwa imewekwa kwenye uvungu wa kiuno. Kwa dereva mwenyewe: kupiga kiki ukiwa umesimamia mguu mmoja mara nyingi kwa siku kunakiumiza kiungo. Tengeneza stata ya pikipiki, hata kama umezoea kuishi bila hiyo.

Jerikani. Lita 20 za maji ni kilo 20. Kuibeba kwa mkono mmoja huku mwili umeegemea upande wa pili ndiyo njia mbaya kuliko zote. Mbili za lita kumi, moja kila mkono, zina uzito uleule na mgongo unabaki wima. Kichwani pia ni sawa kwa upande wa usawa. Hatari iko katika kujitwika na kutua. Tafuta mtu akutwike, na ukifika, atakayekutua.

Jembe. Msimu ukianza, Machi na tena Agosti au Septemba, watu hushinda shambani wakiwa wamepinda, mguu uleule mbele. Weka mpini mrefu zaidi. Badilisha mguu wa mbele kila ukimaliza mstari mmoja, na simama wima kidogo kabla ya kuanza mwingine.

Mtoto. Usimpachike kiunoni upande mmoja. Mbebe mgongoni, katikati, ukiwa umeketi kitandani unapomfunga.

Kitanda. Lala kwa ubavu usiouma, mto katikati ya magoti mpaka vifundoni. Kugeuka, bana magoti pamoja na uyageuze pamoja na mabega kwa wakati mmoja. Kuingia garini, keti kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili. Suruali ivae ukiwa umeketi. Haya madogo ndiyo hutuliza kiungo haraka kuliko kingine chochote.

Hatua ya 6: Jenga misuli

Kanuni ya maumivu kwanza: ukiyapima kwa kumi, yasivuke tatu wakati wa zoezi, na asubuhi yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakivuka, punguza idadi, usiache kabisa.

Wiki mbili za mwanzo, kila siku. Lala chali, magoti yamekunjwa. Lainisha kiuno kigandamize mkeka, kisha kipandishe kifanye uwazi, taratibu, mara kumi. Kisha tulia katikati ya mwendo huo, pasipo na kujikunja wala kujibinua. Hapo ndipo usawa wa mgongo na nyonga ulipo, na mazoezi yote yafuatayo huanzia hapo. Ukiwa hapo, toa pumzi polepole huku ukikaza sehemu ya chini ya tumbo kama unayezuia mkojo, sekunde tano, mara kumi. Halafu weka katikati ya magoti mpira ule wa watoto wa nyuzi za migomba, au mto. Bana sekunde tano, mara kumi. Toa mpira, funga leso kuzunguka magoti, sukuma nje dhidi yake sekunde tano, mara kumi.

Kuanzia wiki ya tatu, siku tatu au nne kwa wiki, ongeza daraja. Bado umelala chali, kanyaga chini, inua makalio mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Mtu akuangalie kwa miguuni: nyonga zote mbili ziko kimo kimoja? Mara nane hadi kumi na mbili, mizunguko miwili. Usilifanye kwa mguu mmoja mpaka la miguu miwili liwe rahisi kabisa.

Kisha zoezi la mkono na mguu wa kinyume. Piga magoti na viganja chini. Mwambie mtoto akuwekee kikombe cha plastiki chenye maji nusu mahali pa sakramu. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, shikilia sekunde tano, badilisha. Maji yakimwagika, nyonga imepinduka: punguza kimo cha mguu. Zoezi hili si la urembo. Msuli mkubwa wa tako la kulia na msuli mpana wa mgongo wa kushoto hukutana kwenye utando mgumu wa kiunoni, na vikivutana pamoja hukikaza kiungo. Ndiyo kazi inayofanyika pia ukitembea huku mikono inapunga.

Mwisho, kuinama. Chukua mpini wa ufagio, uweke nyuma uguse kisogo, katikati ya mabega na sakramu. Kunja magoti kidogo, sukuma makalio nyuma, inama mpini ukiwa bado umegusa sehemu zote tatu. Jifunze hivyo, kisha fagia, fua na inua jerikani hivyohivyo. Ikizoeleka, beba jerikani mbili za lita tano, tembea mita 20 bila kuyumba, na ongeza uzito polepole.

Kunyoosha misuli kupita kiasi sikupendekezi, hasa kwa mjamzito au mtu ambaye viungo vyake ni vyepesi kupinda. Vina mwendo wa kutosha. Vinachokosa ni nguvu.

Kwa mjamzito

Karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata maumivu ya nyonga wakati wa ujauzito. Nchini Uganda, ambako utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu (UDHS) wa 2022 ulionyesha wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke, mama anaweza kuyapitia zaidi ya mara moja. Mwongozo wote huu unamfaa, isipokuwa mazoezi ya kulala chali: tumbo likishakua, ayafanye kwa ubavu au ameketi, na asilale chali kwa muda mrefu. Parasetamoli ndiyo dawa ya kuanzia. Ibuprofeni na diklofenaki asimeze bila ruhusa ya mkunga au daktari. Wakati wa kujifungua amwambie mkunga mapema kwamba nyonga inauma, ili mapaja yasitanuliwe kupita pale yanapofika bila maumivu. Wengi hupona ndani ya miezi michache baada ya kujifungua.

Hatua ya 7: Pima tena, na ujue pa kwenda

Baada ya wiki sita rudia jaribio la kuinua mguu na ulinganishe na alama ulizoandika. Zikishuka, endelea mpaka wiki ya kumi na mbili. Zikibaki palepale, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Wapo Mulago, kwenye hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, na hospitali ya CoRSU pale Kisubi kwenye barabara ya Entebbe.

Mtaalamu mzuri atakulaza na kukisukuma kiungo kwa njia kama tano tofauti, akiuliza kila mara: "Haya ndiyo maumivu yako yenyewe?" Ukijibu ndiyo kwenye tatu au zaidi, uwezekano kwamba chanzo ni sakroiliaka ni mkubwa. Ukijibu hapana kwa zote, atakitafuta kwingine. Akianza kwa kupapasa tu na kukuambia nyonga imehama sentimita kadhaa, muulize kwa heshima ameipima vipi.

Eksirei ya kawaida mara nyingi haionyeshi kitu kwa maumivu ya aina hii, kwa hiyo usiilazimishe. Hufaa pale panaposhukiwa ajali, maambukizi au ugonjwa wa kukakamaa. Kwa wachache ambao miezi kadhaa ya mazoezi haikuwasaidia, daktari bingwa anaweza kuchoma dawa ya ganzi ndani ya kiungo akiongozwa na picha. Maumivu yakikatika kwa muda huo wa ganzi, chanzo kimethibitika, na hapo ndipo mazungumzo ya sindano nyingine au upasuaji wa kukiunganisha kiungo yanapoweza kuanza.